Mzunguko wa mlima wa kilomita 26 kuanzia kijijini: twende upande upi?

FundiSaa

Wakuu, salaam. Naomba mnikagulie mpango huu kabla sijawaingiza watu wawili kwenye matatizo.

Mimi ni fundi saa, miaka 47, goti la kulia hunung'unika nikishuka ngazi. Nitakuwa na shemeji yangu, ambaye hajawahi kupanda mlima wa maana lakini ana mapafu ya farasi, na rafiki yetu mmoja aliyekwisha kupanda mara kadhaa ila hapendi kuamka mapema. Tunataka kuondoka kijijini kwa miguu na kurudi kijijini kwa miguu siku hiyo hiyo, bila gari na bila kurudia njia. Hilo la kutorudia njia ndilo linalonivutia kuliko kilele chenyewe. Nilishapanda milima ya kwenda na kurudi, na nusu ya pili huwa naitembea kama mtu anayesoma barua kwa mara ya pili.

Kijiji kiko mita 1,420 juu ya usawa wa bahari. Mpango wangu ni huu: kilomita 5 za barabara ya mashambani hadi mtoni, tunavuka, kisha kilomita 7 za msitu na mteremko mpole hadi mgongo wa mlima. Tunautembea mgongo kilomita 9, kilele kikiwa katikati yake, mita 2,870. Mwisho tunashuka kwenye korongo lililo nyuma ya kijiji, kilomita 5 tu, tumefika. Korongo ni kali na lina mawe, ndiyo maana nimeliweka mwisho. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda.

Hesabu yangu: kilomita 26 kwa mwendo wa 5 kwa saa ni saa 5 na dakika 12. Kupanda ni 2,870 kutoa 1,420, yaani mita 1,450, na kwa kanuni ya saa moja kila mita 600 hiyo ni kama saa 2 na dakika 25. Jumla haifiki saa nane. Tukiondoka saa moja asubuhi, saa tisa alasiri tuko nyumbani, viatu vimevuliwa.

Giza huingia karibu saa kumi na mbili na nusu. Nina ramani ya karatasi ya 1:50,000 na simu yenye ramani iliyopakuliwa. Nimekosea wapi?

Kontua20

Fundi, hesabu yako ni safi, tatizo ni namba ulizoilisha.

Umetoa kijiji kwenye kilele ukapata 1,450. Hiyo ingekuwa kweli kama njia ingepanda moja kwa moja na isishuke hata hatua moja. Mgongo wa kilomita 9 hauwezi kuwa hivyo. Chukua ramani, weka kidole kwenye mgongo, hesabu kila kontua (mstari wa kimo kwenye ramani) unayoivuka ukipanda, hata kama umetoka kuivuka ukishuka. Kisha tuletee jumla.

Na ukumbuke kontua zako pengine ni za kila mita 20. Nundu yenye kimo cha mita 18 inaweza kukaa kati ya mistari miwili bila kuonekana kabisa. Ramani haikudanganyi, imenyamaza tu.

Kitu kingine: kwenye korongo pima kwa rula. Mistari kumi imebanana kwenye milimita ngapi?

FundiSaa

Nimefanya hivyo usiku huu kwa lenzi ya kazini, mke wangu ananiangalia tu.

Mgongoni kuna nundu tano ambazo sikuzihesabu, kila moja kama mita 90 kwa wastani. Hizo ni 450 zaidi. Kwa hiyo kupanda kote ni mita 1,900 na siyo 1,450. Aibu, kwa mtu anayelipwa kwa kuona vitu vidogo.

Kwenye korongo, sehemu mbaya, mistari kumi iko ndani ya milimita 4.

Kontua20

Milimita 4 kwenye 1:50,000 ni mita 200 za ardhi. Mistari kumi ya mita 20 ni karibu mita 200 za kimo. Mita 200 mbele, karibu mita 200 juu: karibu nyuzi 45. Huo siyo mteremko tena, hapo mikono inafanya kazi pamoja na miguu. Na wewe umeupanga kuushuka ukiwa na kilomita 21 miguuni na goti linalonung'unika.

KigongoMrefu

Nimesubiri wengine waseme, sasa niseme la kwangu. Nina miaka zaidi ya thelathini milimani na kosa hili nimelifanya mwenyewe, kwa hiyo sikucheki.

Kwanza hiyo kanuni unayoitumia. Ni ya Naismith, mpanda milima wa Scotland, aliitoa mwaka 1892. Ni nzuri kuanzia, lakini ni ya mtu mwenye mwili uliozoea, njia inayoeleweka, na haina kupumzika, kula, kupiga picha, kutoa jiwe kwenye kiatu wala kubishana njia panda. Pia haisemi chochote juu ya kushuka. Baadaye Langmuir, mpanda milima mwingine, aliongeza: mteremko mpole wa nyuzi 5 hadi 12 unakuokolea dakika 10 kila mita 300, lakini ukizidi nyuzi 12 unakula dakika 10 zaidi kila mita 300. Wengi wanadhani kushuka daima ni zawadi. Kwenye nyuzi 45 kushuka ni kazi.

Kwa namba zako mpya, Naismith anakupa saa 8 na dakika 20 hivi. Kundi la watu watatu, mmoja mgeni, mmoja mwenye goti, mimi naongeza nusu yake. Inakuwa safari ya saa kumi na mbili na nusu. Sasa tazama saa yako, fundi. Ukiondoka saa moja asubuhi unafika saa moja na nusu usiku, na kipande cha mwisho ni lile korongo. Yaani giza linakukuta hasa pale ambapo hutaki likukute.

Mimi lilinikuta. Korongo jingine, mlima mwingine, tulikuwa wanne. Tulishuka tukifurahi kwa sababu taa za kijiji zilikuwa zinaonekana, kubwa kabisa, kama unaweza kuzigusa. Tukafika juu ya jabali ambalo mchana ungelizunguka kwa hatua ishirini kushoto. Usiku hatukuona hiyo kushoto. Mmoja wetu alitaka kujaribu kuteremka kwa kushika mizizi, tukamkatalia, akanuna hadi asubuhi. Tulikaa pale, migongo imeegemeana, saa tisa nzima, tukisikia mbwa wa kijiji wakibweka. Kulipopambazuka tulitembea dakika arobaini tukawa barabarani. Hatukuwa tumepotea hata kidogo. Tulikuwa tumepanga upande usiofaa.

Kwa hiyo geuza. Panda korongo alfajiri, ukiwa na nguvu na unaona jiwe liko mbele ya pua yako. Ukipanda unaona unaposhika. Ukishuka unatafuta kwa kisigino kitu usichokiona. Na ugumu ukiwa mwanzoni, ukishindwa uko kilomita 3 tu kutoka kitandani.

ButiMoja

Nakubaliana na mzee hapo juu, lakini mnasahau mto. Akigeuza, mto unakuwa kilomita 5 kabla ya kijiji, na ataufikia alasiri. Mvua za milimani hupenda kunyesha mchana na mto hupanda baada yake, hata kama pale unaposimama kukavu. Asubuhi ungeuvuka kwa kifundo cha mguu, jioni uko kiunoni. Na kurudi kwa njia uliyotoka ni kilomita 21 na korongo. Huo ni mtego mbaya kuliko jabali, jabali halikusukumi.

FundiSaa

Sasa ndiyo mmenichanganya. Nikienda upande huu korongo linaniua jioni, nikienda upande ule mto unaniua jioni.

KigongoMrefu

ButiMoja kasema kweli na sikulitaja, nimekubali. Ila kati ya hivyo viwili, korongo huwezi kulihamisha, mto unaweza kuukwepa. Fundi, hiyo barabara ya mashambani inaelekea wapi? Magari yanavukaje?

FundiSaa

Kuna daraja la magari chini zaidi. Nimepima: linaongeza kilomita 4.

KigongoMrefu

Basi umepata jibu. Mpango wako siyo wa kilomita 26, ni wa kilomita 30 ambazo ukibahatika zinakuwa 26. Panga saa zako kwa 30. Ukikuta mto uko chini, ni zawadi. Ukikuta umejaa, hujasimama ukingoni ukijidanganya kwamba "siyo mwingi sana". Watu wengi hufanya uamuzi mbaya mtoni kwa sababu ile njia ndefu hawakuwa wameihesabu tangu asubuhi, kwa hiyo inawauma kama wameibiwa.

Ondokeni saa kumi alfajiri. Kilomita 3 za kwanza ni njia inayoeleweka, zinatembelewa kwa tochi. Mawe yanaanzia mita ngapi?

FundiSaa

Kama 1,900.

KigongoMrefu

Mita 480 za kupanda na kilomita 3. Kwa hesabu yetu iliyoongezwa nusu ni saa mbili na dakika chache. Mnafika chini ya mawe saa kumi na mbili na kitu, kunapambazuka, mnazima tochi. Safi.

Weka saa ya kugeuka, na uiweke pale chini ya mawe, siyo kileleni. Kileleni kila mtu anapenda kuiweka, lakini kwenye mzunguko kilele siyo mlango wa kutokea. Ukishamaliza korongo hutaki tena kulishuka, kwa hiyo kwenda mbele kunakuwa ndiyo kurudi. Mlango wenu ni chini ya mawe. Saa moja kamili asubuhi hamjafika pale, au mawe yameloa, au mtu tumbo linamsumbua: mnageuka, bila mjadala. Mkubaliane jana yake, kila mmoja atamke kwa mdomo wake. Hasa huyo asiyependa kuamka.

Halafu tafuta mlango wa pili mgongoni. Hakuna njia inayoshuka upande mwingine?

FundiSaa

Ipo, kati ya nundu ya tatu na ya nne, pale mgongo unapobonyea. Inashuka hadi barabara ya kijiji jirani. Nilikuwa siitazami kwa sababu haikuwa kwenye mzunguko wangu.

nesi_wa_zamu

Niongezee machache ya mwilini, maana naona mmeshughulikia mlima tu.

Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Toka kijijini hadi kileleni mnapoteza nyuzi 9 hivi kabla upepo haujaanza. Mkiwa mmelowa jasho kutoka korongoni na mkasimama mgongoni kupiga picha, baridi inaingia haraka. Fulana ya pamba ikilowa inabaki imelowa, kwa hiyo muwe na nguo kavu ya kubadili mara mnapomaliza mawe, kabla hamjaanza kutetemeka. Mtu akianza kujikwaa, kuongea kama mlevi, vidole vikishindwa kufunga zipu, msimwambie ajikaze. Mkausheni, mkingeni na upepo, mlisheni, mshuke. Na mtu aliyekuwa anatetemeka sana akaacha ghafla huku bado ni wa baridi, hajapona, amezidiwa.

Mita 2,870 inatosha kumpa mtu kichwa na kichefuchefu, ingawa kwa kupita tu bila kulala wengi hawapati shida. Dawa ya kuaminika ni kushuka.

Maji: mgongo hauna maji, sivyo? Mahesabu ya kawaida ni kama nusu lita kwa saa, zaidi kukiwa na jua. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo lita tatu kila mtu ni kilo tatu kwenye korongo. Ni nzito, bebeni hivyo hivyo.

Na goti, FundiSaa: fimbo mbili. Kwenye korongo zifunge begini, mikono iwe huru. Zitoe mnapoanza kushuka kilomita 7 za msituni. Misuli ya paja ndiyo breki yako, na breki huumia zaidi kuliko injini. Ndiyo sababu mtu hupanda vizuri, akashuka vizuri, kisha kesho yake anateremka ngazi akitazama nyuma.

Kontua20

Dogo kuhusu simu. Ramani iliyopakuliwa haihitaji mtandao, GPS inatoka kwenye setilaiti. Lakini simu inayohangaika kutafuta mtandao inamaliza chaji, kwa hiyo weka hali ya ndegeni. Baridi nayo hunyonya betri, iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na ndani ya korongo lenye kuta ndefu mawimbi yanagonga mawe, nukta ya bluu inaweza kukuonyesha uko upande mwingine wa kijito. Hapo amini ramani, dira na macho.

ButiMoja

Radi. Hakuna aliyetaja radi na mnampeleka mtu kilomita 9 juu ya mgongo.

Ukiona mmweko, hesabu sekunde. Ngurumo ikifika kabla ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na umeshachelewa kuwa juu. Shukeni kwenye bega la mlima, siyo chini ya mti uliosimama peke yake, na msijikusanye pamoja. Mkishakuwa chini, subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kwa kuondoka saa kumi, mtakuwa mmemaliza sehemu kubwa ya mgongo kabla mawingu ya mchana hayajajikusanya. Hiyo ni sababu nyingine ya saa kumi, mwambie yule rafiki yenu.

Na filimbi, kila mtu yake. Ishara ya dharura milimani ni mara sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena. Anayekusikia hujibu mara tatu. Usiku ni hivyo hivyo kwa tochi.

FundiSaa

Wakuu, nimerudi. Jumamosi nilikwenda peke yangu kutazama, mchana, bila haraka. KigongoMrefu alinitumia ujumbe akasema "usiamini karatasi, kaguse", nikagusa.

Kwanza njia yenyewe. Kwenye ramani inaanzia nyuma ya shule. Shambani pamelimwa, njia imehamia ukingoni, kama mita 200 kutoka pale. Nilizunguka nusu saa mchana kweupe hadi mama mmoja aliyekuwa akipalilia akanionyesha kwa jembe bila kusema neno. Saa kumi alfajiri tungeipata lini? Nimehesabu hatua kutoka pembe ya uzio na kuziandika.

Pili korongo. Nilifika chini ya mawe kwa saa moja na dakika hamsini, nikiwa na begi jepesi. Nikapanda kidogo tu, pale panapoanza kuwa pakali. Kisha nikafanya jaribio, nisamehe kwa ushamba wangu: nilipima kwa saa. Mita kama kumi kwenda juu, dakika mbili na sekunde arobaini. Mita hizo hizo kushuka, dakika sita kasoro, na sekunde nyingi za hizo nilikuwa nimekaa kwa makalio nikitafuta jiwe kwa mguu. Na hilo ni goti la asubuhi! Ningewaleta watu hapo jioni, mimi mwenyewe, kwa mpango niliouandika kwa wino.

Tatu mto. Ulikuwa mdogo, maji hayakufika gotini. Lakini kwenye mawe ya ukingoni kuna mstari wa matope na majani makavu yaliyonasa kwenye vichaka, usawa wa kifua changu. Nilisimama nikautazama huo mstari muda mrefu. Kisha nikatembea hadi darajani ili miguu iijue hiyo njia, na kilomita 4 zangu ni 4.6.

Kwa hiyo: saa kumi alfajiri, korongo kwanza. Mlango wa kwanza chini ya mawe saa moja kamili. Mlango wa pili pale kwenye bonyeo, saa sita mchana, tukichelewa au mawingu yakianza kujenga tunashukia kijiji jirani. Darajani ni lazima kama maji yamefika gotini kwa shemeji, ambaye ni mfupi kuliko mimi. Karatasi yenye njia yote, majina yetu na saa ambayo mtu aanze kuwa na wasiwasi (saa mbili usiku) anabaki nayo mke wangu, na nakala kwa mwenye nyumba tutakapolala kijijini.

Swali moja la mwisho. Rafiki yetu anasema saa kumi ni ushamba, anataka saa kumi na moja. Nimkubalie?

KigongoMrefu

Mkubalie, kisha mwambie saa kumi na moja ni yako, yake ni kumi.

nesi_wa_zamu

Hahaha. Au mwache alale, mwende wawili.

FundiSaa

Saa yake ya mkononi iko kwangu kwa matengenezo tangu wiki iliyopita. Nitairudisha Ijumaa ikiwa mbele kwa saa moja.

Shemeji naye kanunua filimbi. Tangu jana anapiga sita kila dakika ndani ya nyumba, na mtoto wangu anamjibu tatu kutoka chumbani.